Mafundo Mawili ya Juu

Mwanamke mmoja wa jumuiya yetu alilamba vidole viwili, akazima mshumaa uliokuwa kichwani pa jeneza ili usije ukaangushwa wakati wa kulibeba. Moshi ukapanda mwembamba, harufu ya utambi ulioungua ikajaa sebuleni. Niliweka chini sinia la vikombe nikashika ukuta. Kwa wengine harufu ile ni ya kanisani. Kwangu ni ya shambani, asubuhi na mapema, kati ya mawe meusi, na mama amepiga magoti ukingoni mwa shimo akisema, "Hapo. Andika tatu."

Mzee Felisiani, kiongozi wa jumuiya, alikuwa mezani akiandika maisha ya marehemu, ule ukurasa mmoja unaosomwa kaburini. Fundi wa msalaba alikuwa ameshachukua maneno yake kutoka karatasi hiyohiyo: jina, na chini yake kazi. Mzee alinisomea alichoandika. Daforoza, aliyezaliwa Masisi huko Kongo, akarudi nchini na wazazi wake, mama wa watoto watano, mkulima, mwenye kusali. Nikamwomba aongeze kwamba alipima mazuku. Aliweka kalamu chini kwa upole, maana ni mtu mwema.

"Mama Kezia," akaniambia, akiniita kwa jina la binti yangu mkubwa, "ile mambo ya mazuku ni ya basavant, bale benye kusoma sana. Mama yako alikuwa mulimaji. Na kulima si haya."

Ni kweli, kulima si aibu. Sikubishana naye. Mimi nilisoma hadi darasa la sita, nafua na kupiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni huko Nengo, na maneno hunijia baada ya watu kuondoka. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata kwa mume wangu, aliyekulia Karagwe. Lakini hata mimi nilielewa kwamba tukimzika bila neno lile, limekwisha. Hakuna karatasi nyingine popote yenye jina la mama na kazi aliyoifanya.

Waliokulia upande huu wa ziwa wanajua mazuku. Kwa asiyejua, ni hewa nzito inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, inatuama kwenye mabonde madogo kati ya mawe ya volkeno kama maji yanavyotuama kwenye bakuli. Kilicho kirefu kinapita salama. Kilicho kifupi, au kilicholala, hakiamki. Leo kuna vibao vyenye fuvu. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na jina tu, na watu wazima wengi waliamini ni pepo anayekula mbuzi wa watu wasiosali.

Shamba letu lilikuwa kwenye mawe hayo, upande wa mpakani. Nilikuwa na miaka minane hivi. Mdogo wangu Emanweli, tuliyemwita Manu, alikuwa ameanza kusimama kwa kushika vitu. Siku ile mama alikuwa akipalilia maharage naye mgongoni, jua likawa kali, mtoto akalala, jasho lao likawa moja. Kando ya shamba palikuwa na kishimo chenye kivuli na majani mabichi. Mama akatandika kitenge, akamlaza. Akarudi kwenye jembe, mimi nikimfuata nikiokota magugu.

Tulipokwenda kumchukua alikuwa kama alivyolazwa, uso mtulivu, mkono mmoja umekunjwa. Mama aliinama kumnyanyua, akayumba kama mtu aliyekunywa, akashika jiwe. Nakumbuka mjusi aliyelala chali karibu na kitenge. Niliona tumbo lake jeupe nikafikiri naye anaota jua.

Kwenye msiba watu walisema ni sumu. Kwetu mtu akifa ghafla, jambo la kwanza ni kuuliza nani alimpa chakula. Asubuhi ya siku aliyokufa mtoto, mukecuru Koleta, bibi mjane tuliyepakana naye, alikuwa amempa Manu uji kwenye bakuli lake la plastiki la kijani. Hilo lilitosha. Siku ya tatu hakuna aliyemwitikia salamu. Siku ya tano jiwe lilianguka kwenye bati lake. Baba, dereva wa lori la viazi ambaye sikuwahi kumwona akigombana na mtu, alikaa na wanaume wengine nje wakizungumza kwa sauti ya chini, na nilisikia wakisema kwamba mwanamke yule hawezi kubaki hapa.

Mama alikuwa kwenye mkeka, hasemi. Kisha akaniita. Nyumbani tulizungumza Kinyarwanda, lakini mama alikua Kongo, na alipohesabu au alipokuwa na jambo la kunibana nalo alitumia Kiswahili cha kule.

"Ule uji wa Koleta," akaniuliza, "Manu alimaliza?"

Nilianza kulia. Manu hakuumaliza. Nilimaliza mimi, na bakuli nikalilamba, na sikumwambia mtu kwa sababu nilikuwa nimeshakula nyumbani na mama hakupenda ulafi. Nilingojea kofi. Mama alinitazama kwa muda mrefu, akanigusa paji la uso, akanipapasa tumbo, kama mtu anayekagua kitu alichonunua. Kisha akasimama, kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Tangu siku hiyo alianza kwenda shambani alfajiri bila jembe. Alibeba kopo dogo la nyanya alilolitoboa matundu matatu kwa msumari, kipande cha mshumaa ndani yake, na kamba. Sitasema uongo kumpamba: kushusha moto shimoni hakukuwa wazo lake. Kule Masisi aliwaona wachimba visima wakishusha taa kabla ya kuteremka wenyewe. Wazo lake lilikuwa kamba. Wachimba visima walitaka kujua kama moto unazima. Mama alitaka kujua unazima wapi.

Kamba yenyewe tuliifahamu sote. Ilikuwa na fundo kila shibiri, na kabla ya shule kufunguliwa mama alitusimamisha ukutani mmoja mmoja akatupima nayo, halafu akamwambia fundi wa nguo, huyu mafundo tano, huyu sita. Manu alikuwa amepimwa pia, kwa mchezo, ameshikiliwa makwapa, akicheka. Mafundo matatu na kidogo.

Kwa hiyo nilipoiona kamba ile ile ikishuka kwenye kishimo alimolala Manu, na mama akihesabu kutoka chini na kusema tatu, nilijua kinachofanyika. Mama anampima Manu. Alikuwa bado mle, amesimama mahali tusipoweza kumwona, na kopo likimfikia kichwani alipuliza mshumaa, kwa sababu alipenda sana kupuliza moto. Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa na daftari la shule, mama hakuwa mwandishi mzuri, hivyo niliandika mimi. Kishimo cha Manu: tatu. Kesho yake: tatu. Baada ya mvua: nne. Niliandika nne ile kwa furaha nikaibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Amekua.

Vishimo vingine tulivipima pia, kumi na saba kwa jumla, na kila kimoja nilikipa jina. Katika vingi mshumaa ulifika chini ukiwaka. Katika vinne ulizima. Niliamini Manu amepata wenzake.

Siku moja mama aliinama kutazama mwali uliokuwa bado unawaka, juu kidogo ya pale unapozimaga. Akarudi nyuma akishika kichwa. Alisema pua inamchoma kama aliyepaliwa na soda ya limonadi, na moyo unamwenda mbio. Alikaa chini, akafikiri, akajaribu tena upande wa pili akiwa ameshika mkono wangu. Kisha akaniambia niandike jambo jipya: mshumaa ukizima kwenye tatu, hatari inaanzia tano. Moto unachelewa kusema, alieleza. Mtu anaumia mbele ya moto kuzima. Tangu hapo kila namba aliiongezea mafundo mawili ya juu.

Wakati huo wanaume walikuwa wamempa Koleta mpaka Jumapili awe ameondoka. Mama akamwomba baba awalete shambani waone. Walikuja saa sita mchana, baada ya kazi, wanaume sita na baba, na majirani nyuma yao. Koleta alisimama mbali, amejifunga kanga kichwani kana kwamba ana baridi. Mama aliwasha mshumaa, akaushusha kwenye kishimo cha Manu.

Ulifika chini ukiwaka. Akauinua, akaushusha tena. Ukawaka vizuri, kama ulio juu ya meza.

Mwanaume mmoja alicheka, akauliza kama sasa watatafuta muuaji kwa kumulika mashimo kutwa nzima. Mwingine akasema huzuni imemharibu mama wa watu, apelekwe kwa padri huko Nyundo aombewe. Baba alitazama chini. Waliondoka wakiwa wamekasirika zaidi kuliko walivyokuja, na siku ile hata mimi niliona aibu. Watoto waliniita binti wa mwenda wazimu, na niliwajibu kwamba yule si mama yangu, ni shangazi tu anayekaa kwetu. Nilisema hivyo. Nimemwambia Mungu, sasa nawaambia na ninyi.

Mama alikaa jikoni na kamba mapajani. Alikuwa akirudia namba kwa midomo, tatu, tatu, nne, tatu, kama rozari. Hakuelewa kosa liko wapi. Nilimhurumia, nikamwambia nilichokuwa nikijua.

"Mama, mchana Manu anakuwaga mufupi. Asubuhi ndiyo anakuwaga murefu."

Aliuliza nasema nini. Ikabidi nikiri kwamba mara mbili nilichukua kamba na kwenda peke yangu baada ya shule, nilipomkumbuka mdogo wangu. Nililala kifudifudi kwenye jiwe la juu, nikashusha kopo. Mara zote mbili mshumaa ulizima kwenye fundo la kwanza tu, karibu kabisa na majani. Nilifikiri mchana analala, kwa hiyo kichwa kinakuwa chini.

Mama aliweka mkono mdomoni. Sikuwahi kumwona akilia kama siku ile, na sikujua nimefanya nini. Ndipo alipoelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtoto wake mmoja alikuwa akimtembelea mwingine, na kwamba hewa ile ina saa zake. Hakunigombeza. Alinieleza taratibu kwamba Manu hayumo mle, Manu yuko kaburini, na kilichomo mle ndicho kilichomlaza. Kisha, machozi bado yanashuka, akaniuliza ni saa ngapi hasa nilikwenda, na kama palikuwa na upepo.

Kwa siku tatu alipima kishimo kimoja tu. Alfajiri, jua likitoka, jua likiwa juu, upepo wa ziwa ukianza, jioni. Mimi niliandika. Alfajiri nne. Jua likitoka nne. Saa nne asubuhi, tatu. Upepo ukianza, mbili, halafu moja. Saa sita siku ya upepo mkali, hakuna. Jioni inaanza tena kupanda. Sikuwa najua jina la kitu kile tulichokuwa tukifanya. Sasa najua kwamba kina jina, na wanaokifanya wanaitwa madaktari bila kutibu mtu.

Jumamosi alfajiri mama alimwamsha baba. Sijui alimwambia nini, lakini baba mwenyewe alipita mlango kwa mlango, na wanaume walikuja wakiwa na makoti na usingizi machoni, wengine kwa ajili ya kumdhihaki tu. Koleta alikuja pia. Hapakuwa na upepo. Mama alishusha kopo polepole, akiwaonyesha kila fundo linalopita mkononi. Kwenye la nne kutoka chini mwali ulijikunja, ukawa wa bluu, ukazima kana kwamba umefinywa na vidole. Akauwasha tena, akampa kamba yule aliyecheka. Akashusha mwenyewe. Ukazima palepale.

Mama alisimama akajipangusa magoti, akasema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote.

"Koleta hakumupa mutoto sumu. Uji alikula huyu dada yake, na iko muzima hapa mbele yenu. Manu aliuawa na hewa ya hapa. Na mwenye alimulaza hapa ni mimi."

Nilikuwa mtu mzima nilipotambua alichokifanya. Sumu ya Koleta ilikuwa inamwachia mama mikono safi. Angekaa kwenye mkeka wake, akahurumiwa, na bibi mmoja asiye na ndugu angeondoka na vyungu vyake kichwani. Aliitafuta kweli akijua inaelekea wapi, akaipima asubuhi na jioni, na ilipomfikia hakuikwepa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sayansi. Kama kuna nyingine siijui.

Koleta alibaki. Alikuja akakaa karibu na mama juu ya jiwe, wakakaa hivyo mpaka jua likatoka. Baba alianza kujenga uzio wa miti kuzunguka kishimo. Na mtaani kukazaliwa desturi ambayo vijana wanadhani imekuwepo tangu zamani za wazee: mama akitaka kumlaza mtoto chini shambani, kwanza anapima, na asipokuwa na mshumaa anamwacha mgongoni. Mutoto asilale chini mbele ya kupima. Wanalisema hivyo wasichana wasiomjua Daforoza.

Miaka ilipita, akaja mtaalamu mmoja na gari na mashine ya kupima hewa. Watu walimpeleka kwa mama. Alimtembeza siku nne, kishimo kwa kishimo, kwa saa zake. Kwenye kile cha kwanza mashine ililia kabla mshumaa haujazima, na bwana yule akapima tofauti kwa utepe, akahesabu, akamgeukia mama. Mashine ilikuwa imelia mafundo mawili juu ya pale moto ulipozima. Akamuuliza nani alimfundisha kuongeza mawili.

"Mutoto yangu," mama alimjibu. "Ule alilala hapa."

Mtaalamu alivua kofia. Lazima niseme haki: alikuwa mtu wa adabu, alikula kwetu ugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, alipiga picha kurasa za daftari langu akalirudisha. Hakuiba kitu. Aliacha tu kuandika jina la mama. Ramani yake ya mazuku ilipobandikwa kwenye ofisi ya mtaa, vishimo vyetu kumi na saba vilikuwa na namba badala ya majina niliyovipa. Pembeni palikuwa na picha ya mikono inayoshika kamba na kopo, imekatwa kwenye viwiko, na chini yake maneno: mkazi akionyesha njia ya kienyeji. Niliutambua ukucha wa dole gumba uliokuwa mweusi tangu jembe lilipoupiga. Majina ya wanaume watatu yalikuwa chini ya ramani.

Mama aliitazama ramani kwa makini, akafuata kwa kidole. "Bon," akasema, "vyote viko mahali pake." Hakukasirika. Nilikasirika mimi, na hasira hii ni yangu, simsingizii. Ninayo hadi leo, na sina mpango wa kuiweka chini. Mikono haipimi peke yake. Ilikuwa na uso juu yake, na kichwa, na jina la ubatizo.

Kaburini, Mzee Felisiani alisoma ukurasa wake. Mkulima, mwenye kusali. Msalaba ulikuwa umeegemezwa kwenye udongo, rangi bado inang'aa: DAFOROZA, MKULIMA. Shimo lilikuwa limechimbwa tangu jana yake. Kijana mmoja wa wachimbaji alikuwa amekaa ukingoni, miguu ndani, tayari kuruka chini asawazishe sakafu. Nikamwambia angoje.

Sikuwa nimepanga. Kopo na kamba nilivichukua nyumbani ili niviweke naye ndani. Lakini nilipoona mguu wake unaning'inia, mwili wangu ulipiga magoti wenyewe. Niliwasha mshumaa. Nikasikia mtu nyuma akiuliza kwa Kinyarwanda, sasa hiki ni nini tena, na dada yangu akanivuta nguo. Padri alifunga kitabu chake kwenye kidole, akangoja. Nilishusha kopo fundo kwa fundo, kamba ikipita palepale ilipolainishwa na vidole vya mama, na nilihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili chake. Mzee Felisiani hakunizuia. Wanawake wazee walianza kuhesabu pamoja nami, kwanza wawili, kisha wengi. Moja. Mbili. Tatu. Mshumaa ulifika kwenye udongo na kusimama pale, mwali umenyooka, mdogo, wa manjano. Nilingoja kama alivyonifundisha, mpaka ningeweza kusema Baba Yetu nzima.

Haukuzima. Nikamruhusu kijana ashuke. Kisha tukamlaza.

Kamba sikuizika, nilibadili nia. Wiki iliyofuata nilirudi na rangi nyeusi na brashi ya viatu, nikalifunika lile neno MKULIMA, nikaandika chini yake kwa herufi zangu zisizolingana: ALIPIMA MAZUKU. Mzee Felisiani ameliona, nami najua ameliona, na hajaniambia kitu. Mbao ni laini, na mvua ya huku haikosi. Rangi ikifutika nitaandika tena.